NENO KWA JAMAA: Kifaru wa Garamba na Mama Asiyezaa



Mwezi huu nilikuwa nimejitayarisha kuandika juu ya deni katika ndoa. Habari ile itangoje. Siku moja ya Mungu, kisha ibada, kijana mmoja aliyerudi kutoka mashimo ya coltan kule Rubaya alinisimamisha mbele ya mlango wa kanisa. Akaniambia huku anacheka: «Pasta, nilisikia ku radio asema bazungu biko banatengeneza mutoto wa kifaru mu chupa. Sasa Mungu atabakia na kazi gani?» Waliosimama pale wakacheka. Na mimi, ninaungama, nikacheka pamoja nao. Nikajibu neno moja la mzaha, tukaachana.

Lakini mama mmoja hakucheka. Juma lile lile akaja nyumbani kwetu, akaketi kwanza na bibi yangu jikoni, kisha akaomba kuongea na mimi. Mama yule ana miaka kumi na moja katika ndoa na hajapata mtoto. Bwana wake anachimba mbali, na jamaa ya bwana wanamsukuma aoe mwanamke mwingine. Akaniuliza: «Pasta, ile mambo mulicheka, ni ya kweli? Kama banganga banaweza kusaidia nyama ya pori izale, miye ni zambi kuenda kwa munganga? Ao Mungu anakumbuka kifaru, miye ananisahau?»

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wakati. Nikatafuta, nikasoma, nikauliza watu wanaojua mambo ya maparke. Mama amenipa ruhusa niandike, bila jina lake. Basi leo ninajibu wote wawili, kijana na mama.

KIFARU ALIKUWA WETU

Kwanza tujue kama habari hii si ya Wazungu tu. Nyama anayetafutwa katika chupa ni kifaru mweupe wa kaskazini, na nyumba yake ya mwisho ilikuwa hapa kwetu Kongo, katika Parke ya Garamba, Haut-Uele, karibu na mpaka wa Sudani ya Kusini. Ninyi wasomaji wetu wa Durba na Watsa, mnaochimba zahabu, parke ile ni jirani yenu.

Parke ya Garamba ilianzishwa mwaka 1938. Wakati ule kifaru huyu alikuwa akitembea katika inchi tano: Kongo, Uganda, Sudani, Chadi na Afrika ya Kati. Mwaka 1960 walihesabiwa kuwa zaidi ya 2.000. Kisha vita vikaja, silaha zikajaa, na bei ya pembe ikapanda katika masoko ya mbali, ya Asia na ya Yemen. Mwaka 1984 katika Garamba walikuwa wamebaki 15 tu, na katika zile inchi zingine walikuwa wamekwisha.

Sasa sikilizeni, maana kuna neno la kututia moyo hapa. Kutoka wale 15, bila chupa wala mashini, walizaana tena. Waliwekewa walinzi, wakapewa salama, na karibu mwaka 2003 walifika kama 30. Mungu alikuwa amewapa nguvu ya kuzaa. Walihitaji tu mafasi ya kuishi.

Lakini vita vilirudi. Wawindaji wenye bunduki walivuka kutoka Sudani, wengine juu ya farasi na punda, wakaua tembo na vifaru. Mwaka 2005 kulikuwa shauri la kuchukua wachache na kuwapeleka Kenya kwa muda, wapate kulindwa. Watu wengi katika inchi yetu walikataa. Walisema: huu ni urizi wetu, tusiibiwe. Ninaelewa uchungu ule, kwa sababu vitu vingi vimetoka Kongo bila kurudi. Lakini vifaru hawakupelekwa, na hawakulindwa vilevile. Mwaka 2006 kulionekana wane, na kisha pale hakuna aliyewaona tena kwa hakika. Tulishika urizi kwa mdomo, tukaupoteza kwa mikono.

WAWILI WALIOBAKI

Namna gani basi wengine walibaki? Mwaka 1975 vifaru wachache walikamatwa katika Sudani wakapelekwa katika bustani ya nyama ya Dvůr Králové, katika inchi ya Ucheki, kule Ulaya. Mmoja wao alikuwa dume mdogo wakamwita Sudan. Kule kwenye baridi wengine walizaa kidogo, lakini kuzaa kukakoma mwaka 2000.

Mwezi wa 12 mwaka 2009 walichukua wane wa mwisho walioweza kutumainiwa, wakawarudisha Afrika, katika hifazi ya Ol Pejeta, Kenya, upande wa Nanyuki. Walikuwa madume wawili, Sudan na Suni, na majike wawili, Najin na Fatu. Najin ni binti ya Sudan, alizaliwa mwaka 1989. Fatu ni binti ya Najin, alizaliwa mwaka 2000. Walitumaini kama jua la Afrika na majani ya Afrika vitawarudishia nguvu ya kuzaa. Haikuwa. Suni alikufa mwaka 2014. Tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2018, mzee Sudan, ambaye miguu ilikuwa imemshinda, alikufa katika miaka 45. Wakabaki mama na binti yake.

Na wote wawili hawawezi kubeba mimba. Najin ana miguu ya nyuma zaifu. Fatu tumbo lake la uzazi lina ugonjwa. Wanganga wanasema jike wa kifaru anayekaa miaka mingi bila kubeba mimba anaanza kuota uvimbe ndani ya tumbo la uzazi.

KAZI YA WANGANGA

Sasa niwaeleze ile «chupa» ambayo tulicheka. Kuna kundi la wanganga na watu wa elimu wa Ujerumani, Italia, Ucheki, Kenya na Japani, kazi yao inaitwa BioRescue. Wanafanya hivi.

Wanamchoma jike sindano ya usingizi mpaka analala chini. Kwa mashini ile inayoonyesha ndani ya tumbo, kama ile ya kuangalia mimba za mama zetu ku lopitali, wanaongoza sindano ndefu mpaka penye mayai yanapokaa, wanayavuta moja moja. Nyama ana uzito wa karibu tani mbili, na yai ni dogo kuliko chembe ya mchanga. Sindano ikikosea kidogo inaweza kupasua mshipa mkubwa wa damu. Siku ya kwanza walipofanya hivi kwa Najin na Fatu ilikuwa tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 2019, na walipata mayai 10.

Mayai yanabebwa katika sanduku la joto, ndege inaruka usiku mpaka mji wa Cremona, Italia. Pale yanaachwa yakomae. Kisha wanachukua mbegu ya dume iliyowekwa katika baridi kali tangu zamani. Ni mbegu ya Suni na madume wengine waliokwisha kufa. Wanaingiza mbegu moja ndani ya yai moja. Yakikubali, kiini cha mimba kinaanza kukua. Kutoka yale mayai 10 ya kwanza walipata viini viwili tu, na vyote vilitoka kwa Fatu. Mwaka 2021 waliamua kumwacha Najin apumzike, kwa sababu amezeeka na mayai yake hayakutoa kitu. Mwanzo wa mwaka 2024 walikuwa wamekwisha kupata viini 30. Vinalindwa katika azoti iliyogeuzwa kuwa maji, baridi ya digrii 196 chini ya sifuri.

Lakini kiini hakiwezi kuzaliwa katika chupa. Kijana wangu wa Rubaya, sikia hapa: hakuna chupa duniani inayozaa kifaru. Sherti kupata tumbo. Kwa kuwa Najin na Fatu hawawezi, wanatafuta jike wa ndugu yao, kifaru mweupe wa kusini, ambaye bado ni wengi kule Afrika ya Kusini. Yeye anaazimisha tumbo kwa miezi 16.

Kwanza walijaribu na kiini cha kifaru wa kusini, wasipoteze kile cha bei kali. Yai lilitoka kwa jike wa bustani moja ya Ubelgiji, mbegu ilitoka kwa dume wa Austria. Mwezi wa 9 mwaka 2023 walikitia ndani ya jike aliyeitwa Curra, pale Ol Pejeta. Mwezi wa 11 mvua kubwa ilinyesha, maji yakafunua udongo, na vijidudu vilivyolala ndani ya udongo vikaamka. Curra akafa, na dume aliyekaa naye akafa vilevile. Walipompasua wakakuta mimba ya siku 70, mtoto dume, urefu wa sentimeta 6,4. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kifaru kushika mimba kwa njia hii. Siku moja walijua kama kazi inawezekana, na siku ile ile walikuwa mbele ya maiti.

Hawakuacha. Walianza kutia viini vya kifaru wa kaskazini mwenyewe, na kazi ikawa ngumu, mimba haishiki kila mara. Kule Japani wengine wanajaribu kutengeneza mbegu na mayai kutoka kipande cha ngozi cha vifaru waliokufa, maana viini vya mama mmoja havitoshi kujenga ukoo. Wale wanaofuga mbuzi wanajua: kundi la damu moja linazoofika.

Si kifaru tu. Kule Marekani kuna ng'ombe mkubwa wa pori anayeitwa bison. Walikuwa makumi ya milioni, lakini watu waliwaua kwa bunduki mpaka mwisho wa miaka ya 1800 hawakufika 1.000. Wengine walio bora wanaishi katika parke ya Yellowstone, lakini wana ugonjwa wa kutupa mimba ambao unaambukiza ng'ombe wa nyumbani, kwa hiyo kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kupelekwa mafasi pengine. Wanganga wa chuo kikuu cha Colorado State wakachukua viini vya mimba, wakaviosha ugonjwa, wakavitia katika majike wazima. Mwaka 2015 kundi dogo likaachiliwa porini. Ndugu yake bison, yule wa Ulaya, aliisha kabisa porini karibu miaka ya 1920; wote wanaoishi leo ni wazao wa 12 tu waliokuwa katika bustani. Mnaona, watu wa mataifa yote walifanya zambi moja.

JE, NI KUCHUKUA KAZI YA MUNGU?

Sasa tufike kwenye ulizo la kijana. Je, wanganga hawa wanaumba?

Hapana. Angalieni vizuri. Yai hawakulitengeneza, walilikuta. Mbegu hawakuitengeneza, waliikuta. Hata wale wa Japani wanaanza na ngozi ambayo Mungu aliiumba. Na wanapounganisha yai na mbegu wanasimama kungoja, hawawezi kuamuru likubali. Paulo aliwaandikia Wakorinto kama mmoja alipanda, mwingine akatia maji, lakini mwenye kuotesha ni Mungu (1 Wakorinto 3). Munganga wa kifaru ni mtia maji.

Fungua Mwanzo 2:15. Mtu aliwekwa katika bustani kwa kazi mbili: kuilima na kuilinda. Wengi wetu tunakumbuka ile ya kwanza. Kisha Mwanzo 6 na 7, Noa aliambiwa aingize nyama ndani ya safina, dume na jike, ili uzao wao uokoke. Noa hakuwaumba. Aliwafungulia mlango, akawalisha. Kwangu mimi, lile sanduku la baridi kule Cremona ni kama safina ndogo.

Lakini safina ilikuwa na kusudi moja: kutoka. Noa hakuwaweka nyama ndani kwa milele. Alituma njiwa kuona kama kuna inchi kavu. Hapa ndipo shida yetu.

MBEGU BILA SHAMBA

Sisi wa Munigi tunajua kitu juu ya mbegu. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 lava ilipita hapa ikielekea Goma. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ikaja tena. Mama zetu wana desturi ya kutundika mahindi ya mbegu juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Mwaka 2021 niliona mama mmoja aliyekimbia na furushi la mbegu kichwani. Aliokoa mbegu zake zote. Aliporudi akakuta shamba ni jiwe jeusi linalotoa moshi. Akasimama pale na furushi lake. Mbegu alikuwa nayo, mafasi ya kuipanda ndiyo hakuwa nayo.

Wanganga wameweka mbegu ya kifaru. Shamba liko wapi? Shamba ni Garamba. Kifaru akizaliwa Kenya, akakua, akarudishwa kwetu, atakuta nini? Kama atakuta bunduki ile ile na mnunuzi yule yule, basi kazi yote ya Cremona ni bure.

Kuna alama nzuri. Mwezi wa 6 mwaka 2023 vifaru weupe 16 wa kusini walitoka Phinda, Afrika ya Kusini, wakaletwa Garamba. Kazi ile ilifanywa na ICCN pamoja na African Parks, na kompanyi ya Barrick, ile ya mgodi wa zahabu wa Kibali pale Durba, ilisaidia kwa feza. Si wale wa zamani, ni binamu zao. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 2006 miguu ya kifaru ilikanyaga majani ya Garamba. Ni kama yule njiwa wa Noa. Wakiishi, tutajua kama inchi imekauka.

Na tusisahau kama kulinda ni rahisi kuliko kufufua. Angalia gorila wa hapa milimani kwetu Virunga. Mwanzo wa miaka ya 1980 katika milima hii ya volkano walibaki kama 250. Hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Hakuna chupa. Walikuwa walinzi, na wanganga waliowatoa mitego miguuni. Lakini bei haikuwa ndogo: tangu parke ilianzishwa mwaka 1925 walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Wengine wana wajane katika makanisa yetu.

HAPA NINAJIUNGAMA

Niseme kitu kwa ninyi mnaoishi migodini, na nianze na mimi mwenyewe. Miaka iliyopita nilitembelea waamini katika mgodi mmoja wa ndani ya msitu. Walinipokea kwa furaha, wakanipikia nyama. Niliona kama haikuwa mbuzi. Sikuuliza. Nilisema moyoni: ni heshima ya mgeni, nisiwaaibishe. Nilikula, nikaomba baraka, nikalala.

Wachimbaji wanakwenda mbali, chakula ni cha bei, na mwindaji yuko karibu. Wakati bei ya coltan ilipopanda mwaka 2000, watu maelfu waliingia katika parke ya Kahuzi-Biega, na tembo na gorila waliliwa katika makambi ya mashimo. Hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa na njaa, na kila mmoja alisema: huyu mmoja tu.

Pembe ya kifaru na jiwe la coltan ni ndugu. Vyote viwili vinapata bei mbali na hapa, kwa watu wasiotuona. Mwenye kuchimba ao kuwinda anapata kidogo, mwenye kuuza ng'ambo anapata mingi, na shimo linabaki kwetu. Jiwe likiisha tunahamia kilima kingine. Lakini nyama akiisha hakuna kilima kingine.

WATOTO WETU JE?

Najua mwingine anasoma na kukasirika. Anasema: Pasta, hapa Munigi na Kanyaruchinya tuliona maelfu waliokimbia vita wakilala chini ya shiti juu ya mawe ya lava, watoto wanakufa na kolera, na huko wanarusha yai la kifaru kwa ndege?

Wandugu, hasira hii si zambi. Mimi mwenyewe nilizika watoto miaka ile. Mtoto mmoja ana samani mbele ya Mungu kuliko nyama wengi. Yesu alisema hivyo hata juu ya ndege wadogo, na alisema vilevile kama Baba hasahau hata ndege mmoja (Matayo 10). Maneno yote mawili yako katika mdomo mmoja.

Lakini tusidanganyike. Mtoto wa kambini hakufa kwa sababu ya kifaru. Alikufa kwa sababu ya bunduki, na bunduki ile ile ndiyo iliyomaliza kifaru wa Garamba. Mwaka 2009, tarehe 2 mwezi wa 1, waasi wa LRA walishambulia kituo cha Nagero katika Garamba, wakaua watu na kuchoma nyumba. Pale ambapo nyama hana salama, mwanadamu naye hana. Amani ikija, itakuja kwa wote wawili.

JIBU KWA MAMA

Sasa ninarudi kwako, mama yangu.

Uliniuliza kama Mungu anakumbuka kifaru akakusahau wewe. Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilikuta kitu kilichoniaibisha kama mwanaume na kama pasta. Najin na Fatu hawawezi kuzaa. Wote wanajua. Na kila siku, mchana na usiku, kuna walinzi wenye silaha wanaowazunguka wasipatwe na mabaya. Wanalishwa, wanaangaliwa miguu, wanaitwa kwa majina. Najin hata mayai hatoi tena, na hakuna aliyesema: sasa hana faida, tumfukuze. Lakini katika makanisa yetu mwanamke asiyezaa anaitwa majina mabaya jikoni, anafungiwa vitu vyake katika mkoba, anarudishwa kwa wazazi wake kama jembe lililovunjika. Kama nyama anatendewa hivyo, sisi tutasema nini siku ile?

Basi jibu langu ni hili. Kwenda kwa munganga si zambi. Sara, Rebeka, Raheli, Hana, Elisabeti, wote walingoja na kulia, na hakuna mafasi Biblia inasema kama waliazibiwa kwa kutozaa. Nenda ku lopitali. Na bwana wako aende pamoja na wewe, siku moja, benchi moja. Mara nyingi shida iko kwa mwanaume, na mara nyingi iko kwa wote wawili. Vijana wa migodi, niwaambie wazi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa yanaziba njia za uzazi, za mwanamke na za mwanaume. Wengi wanachukua ugonjwa mgodini, wanauleta nyumbani, kisha wanamlaumu mke.

Kuhusu kuazima tumbo la mwingine, ninasema kwa uangalifu. Kwa kifaru hakuna wivu wala mahari. Kwa watu kuna. Sara alimpa Abrahamu kijakazi wake Hagari ili apate mtoto kwa yeye, na matunda yake yalikuwa machozi ya mama wawili na mtoto aliyekaribia kufa na kiu (Mwanzo 16 na 21). Na shauri la jamaa ya bwana wako, la kuoa wa pili ili azae, ni Hagari yule yule katika nguo mpya. Nimekwenda kumwona mzee wa jamaa ile. Tumeongea saa mbili. Hajakubali. Nitarudi.

Siwezi kukuahidi mtoto. Pasta anayekuahidi mtoto kwa siku tatu za kufunga na bahasha ya feza, umkimbie. Ninaweza kukuahidi kitu kimoja: katika kanisa letu hutaitwa jina lingine isipokuwa lako. Na mimi sitacheka tena mbele ya mlango kabla ya kuangalia nani amesimama nyuma.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Someni pamoja Mwanzo 2:15. Katika eneo letu, tumelima nini na tumelinda nini?

2. Je, katika nyumba yetu tunanunua nyama ya pori bila kuuliza imetoka wapi? Mgeni akiletewa, aseme nini bila kuaibisha wenyeji?

3. Katika jamaa yetu kuna mwanamke ao mwanaume asiyepata mtoto? Tunamwita kwa jina gani?

4. Mwaka 2005 wengi walisema kifaru ni urizi wetu. Ni kitu gani kingine tunakiita urizi kwa mdomo tu?

SALA

Ee Bwana, uliyeumba nyama wa pori kila mmoja kwa namna yake, utusamehe kwa wale tuliowamaliza. Bariki mikono ya wale wanaojaribu kurudisha. Linda walinzi wa Garamba na wa Virunga. Kumbuka wote wanaongoja mtoto, na ufundishe makanisa yetu kungoja pamoja nao. Leta amani katika inchi yetu, ili mbegu ipate shamba. Katika jina la Yesu. Amina.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, nitaandika ile habari ya deni katika ndoa.